Henry Ford: Tajiri wa magari aliyepandisha ujira

HENRY Ford alizaliwa mwaka 1863 katika familia ya wakulima jimboni Michigan, Marekani. Mwaka 1903 alianzisha kampuni ya magari yenye jina lake, na mwaka 1908 akatoa Model T, gari lililoshuka bei hadi watu wa kawaida wakaweza kulinunua.

Lakini kiwandani mfanyakazi alirudia kitendo kimoja kutwa. Wengi waliacha kazi, na kufundisha wapya kukamla tajiri fedha. Januari 1914 Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya awali, na saa za kazi zikapungua kutoka 9 hadi 8. Wafanyakazi wakatulia, faida ikapanda.

Wema huo ulikuwa na masharti. Wakaguzi wa kampuni waliingia majumbani kuchunguza nani mlevi, nani anaweka akiba. Vyama vya wafanyakazi Ford alivipinga hadi mwaka 1941, mgomo ulipomlazimisha kusaini mkataba.

Alifariki dunia Aprili 1947. Kwa mfanyabiashara mwenye vibarua, funzo ni hili: ujira mzuri humtuliza mfanyakazi, lakini haumpi tajiri haki ya kumtawala hadi nyumbani kwake.