Baron Empain, Mubelgiji aliyejenga reli ya Maziwa Makuu

Wakaaji wa Kisangani, Ubundu, Kindu, Kongolo, Kabalo na Kalemie wanaijua reli tangu utoto. Lakini wengi hawajui jina la mutu aliyeileta kwa mukataba na kwa franga zake. Aliitwa Édouard Empain. Alikuwa mutoto wa mwalimu wa shule katika Ubelgiji, akafa akiwa mumoja wa matajiri wakubwa wa Ulaya. Metro ya Paris ilijengwa na kundi lake, tramu za Cairo vilevile. Kwetu mashariki ya Kongo aliacha reli ya kuunganisha muto Lualaba na ziwa Tanganyika. Aliacha tena historia ndefu ya udongo na migodi, na matokeo yake tunayaona mpaka leo.

Mutoto wa mwalimu

Empain alizaliwa tarehe 20 mwezi wa 9, mwaka 1852, pale Belœil, kijiji cha jimbo la Hainaut. Hakuzaliwa katika mali. Alianza kazi kama muchoraji wa mapulani katika kampuni moja ya vyuma. Wakati ule Ubelgiji ilikuwa inchi ndogo yenye viwanda vingi: makaa ya mawe, vyuma, mavagoni, malokomotivu. Treni kubwa zilikuwa zinapita kati ya miji mikubwa, lakini vijiji na miji midogo ilibaki kando.

Pale ndipo Empain aliona nafasi. Alianza na reli ndogo, zenye bei ya chini, za kupeleka wafanyakazi na mizigo kutoka vijijini. Moja ya reli zake za kwanza ilikuwa kati ya Liège na Jemeppe. Mwaka 1881 akafungua banki yake mwenyewe, na ndugu yake François akafanya kazi pamoja naye.

Namna yake ya kufanya ilikuwa ileile kila mahali. Kwanza anaomba serikali imupe ruhusa ya kujenga na kuendesha reli kwa miaka mingi. Kiisha anaunda kampuni na kuuza hisa kwa watu wenye pesa. Banki yake inaongoza mambo ya franga, na vyombo vingine vinatoka katika viwanda vyake. Mwaka 1904 alipata mukononi viwanda vya vyombo vya umeme vya Charleroi, vinavyojulikana kwa jina la ACEC. Hivi, faida ilikuwa inamurudilia kwa milango mingi.

Kwa njia hiyo alijenga tramu na reli katika Ubelgiji, Ufaransa, Urusi na Misri. Mwaka 1898 kundi lake lilipata kazi kubwa kuliko zote: metro ya Paris. Mustari wa kwanza ulifunguliwa mwezi wa 7, mwaka 1900, wakati Paris ilikuwa inapokea maonyesho ya dunia nzima. Watu waliifurahia sana. Lakini mwaka 1903 moto uliwaka ndani ya metro, na watu 84 wakafa kwenye kituo cha Couronnes, wengi sababu ya moshi. Ile ajali ililazimisha kampuni kubadilisha mambo mengi ya usalama.

Mufalme, muto na maporomoko

Wakati Empain anakuwa mutu mukubwa Paris, Leopold wa Pili, mufalme wa Ubelgiji, alikuwa bado anaitawala Kongo kama mali yake. Reli ya Matadi mpaka Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilikuwa imeisha mwaka 1898. Kutoka pale mabato yalikuwa yanapanda muto mpaka Stanleyville, Kisangani ya leo. Mbele ya hapo, maporomoko yanafunga njia.

Musomaji anayejua Lualaba anaelewa shida. Kutoka Kisangani mpaka Ubundu, maporomoko. Kutoka Ubundu mpaka Kindu, mabato yanapita. Kutoka Kindu mpaka Kongolo, mawe na maji makali tena, pamoja na ile nafasi nyembamba ambayo Wazungu waliiita Milango ya Jehanamu. Kutoka Kongolo kupanda mpaka Bukama, muto unafunguka. Katika zile sehemu mbaya, muzigo wote ulikuwa unabebwa na wapagazi, ku kichwa na ku mabega.

Leopold alitaka kufika mbali: kwenye ziwa Tanganyika, na vilevile upande wa Nile kupitia ziwa Albert. Tarehe 4 mwezi wa 1, mwaka 1902, kampuni ya Empain ilizaliwa. Jina lake lilikuwa refu: Kampuni ya Reli za Kongo ya Juu kwenda Maziwa Makuu ya Afrika. Watu walizoea kuiita CFL tu.

Tuangalie ule mukataba. Mutaji ulikuwa milioni 25 za franga. Serikali ya Leopold iliahidi wenye hisa faida ya 4 kwa mia, hata kama reli haijaleta kitu. Juu ya ile, kampuni ilipewa haki juu ya hekta milioni 4 za udongo na migodi iliyo ndani yake. Hekta milioni 4 ni kilometa mraba 40.000, ni kusema, eneo kubwa kuliko Ubelgiji yote. Wenyeji wa ule udongo, wale waliokuwa wanalima pale, wanawinda pale na kuzika wazee wao pale, hawakuulizwa.

Muradi wa kwanza ulikuwa na reli ya kutoka Stanleyville mpaka Mahagi. Wainjinia walienda kupima njia ndani ya pori. Kiisha kazi ile ikaachwa, na nguvu yote ikawekwa upande wa Lualaba. Wakaaji wa Ituri hawajaiona ile treni mpaka leo.

Vipande vitatu vya reli

Empain na wainjinia wake hawakujenga reli moja ndefu. Walichagua kujenga mahali maji yanakataa tu, na pengine kutumia mabato.

Kipande cha kwanza, Stanleyville mpaka Ponthierville, Ubundu ya leo, kina kilometa 125. Kazi ilianza mwaka 1903, na treni ikafunguliwa mwezi wa 9, mwaka 1906. Kipande cha pili, Kindu mpaka Kongolo, kupitia Kibombo na Samba, kina kilometa 355. Kilikuwa tayari mwisho wa mwaka 1910. Kipande cha tatu kilitoka Kabalo, kikafuata bonde la Lukuga kupitia Nyunzu na Niemba, mpaka ziwa Tanganyika. Kina kilometa 273, na treni ilifika pale mwaka 1915, kwenye muji ambao Wabelgiji waliuita Albertville. Ni Kalemie ya leo.

Kwa wapenda historia ya reli, ile njia ni ya ajabu. Muzigo uliotoka Kisangani kwenda Kalemie ulipanda treni, ukashuka Ubundu na kuingia bato, ukashuka Kindu na kupanda treni, ukashuka Kongolo na kuingia bato tena, kiisha ukapanda treni ya mwisho Kabalo. Mara nne watu walikuwa wanashusha na kupakia. Tena, upana wa ile reli ulikuwa meta moja kamili, wakati reli ya Katanga ilikuwa na milimeta 1.067. Vagoni ya huku haikuweza kupita kule.

Na kazi ilifanywa na nani? Wainjinia na wakubwa wa kazi walikuwa Wazungu. Lakini waliokata miti mikubwa, waliochimba udongo, waliobeba vyuma na kuvipiga misumari walikuwa wanaume Waafrika. Wengi hawakuja kwa mapenzi yao. Mwaka 1906 serikali ya Leopold ilitoa amri ya kuandikisha watu kwa lazima kwa kazi kubwa za serikali, sawa vile walikuwa wanaandikisha waaskari. Reli ya Maziwa Makuu ilikuwa moja ya zile kazi. Jina la Empain limebaki katika vitabu. Majina ya wale wanaume karibu yote yamepotea.

Mwaka 1908 Leopold alilazimishwa kuiachia serikali ya Ubelgiji Kongo, sababu dunia ilikuwa imejua mabaya ya kaucho. Utawala ulibadilika, lakini mukataba wa Empain uliendelea.

Reli inaingia vitani

Vita ya kwanza ya dunia ilikuta kipande cha Kabalo hakijaisha. Wajerumani walikuwa ng'ambo ya ziwa, pale Kigoma, na meli zao zilikuwa zinatawala maji yote ya Tanganyika. Kazi ikaharakishwa.

Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kupitia Katanga. Zilikokotwa juu ya milima ya Mitumba, zikateremka Lualaba mpaka Kabalo, kiisha zikapakiwa kwenye treni ya CFL mpaka ziwani. Tarehe 26 mwezi wa 12 ziliikamata meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Mwezi wa 2, mwaka 1916, meli nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Wabelgiji nao walileta ndege za kutua juu ya maji, wakaenda kupiga mabomu Kigoma. Bila ile reli, vyombo vizito namna hii havingefika.

Empain mwenyewe alikuwa Ulaya. Leopold alikuwa amemupa cheo cha baron mwaka 1907. Wakati wa vita alipata cheo cha jenerali, akafanya kazi Paris ya kusimamia utengenezaji wa silaha na vyombo kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji.

Jangwa la Misri na udongo wa Kivu

Ili kuelewa akili ya Empain, inafaa kuangalia Misri. Mwaka 1905, pamoja na Boghos Nubar, mutu mukubwa wa kule, alinunua jangwa kando ya Cairo, mahali pasipo na kitu. Akajenga reli ya umeme kutoka katikati ya muji, na juu ya muchanga akasimamisha muji mupya: Heliopolis. Treni ilipofika, bei ya kiwanja ikapanda. Alijijengea pale kasri yenye umbo la mahekalu ya Asia. Serikali ya Misri iliitengeneza upya, na tangu 2020 watalii wanaitembelea.

Hesabu ya Kongo ilikuwa ileile: reli inapandisha bei ya udongo, na mwenye reli anapata faida ya vyote viwili. Lakini kuna tofauti kubwa. Kule Misri alinunua jangwa. Huku alipewa na mufalme udongo uliokuwa na watu wake.

Matunda ya ule mukataba yalionekana nyuma. Mwaka 1923 kundi la Empain liliunda kampuni ya kuchimba madini, Minière des Grands Lacs, MGL. Wazee wa Kivu na Maniema wanaikumbuka sana, sababu mwaka 1976 iliunganishwa na kampuni nyingine na kuwa SOMINKI. Mwaka 1928 haki za udongo za CFL katika Kivu ziliingia katika Comité National du Kivu, CNKi, iliyogawa mashamba kwa wakoloni Wazungu. Matatizo mengi ya udongo katika Kivu yana muzizi mumoja pale.

Baron Empain alikufa tarehe 22 mwezi wa 7, mwaka 1929, kando ya Brussels. Hakuzikwa Ubelgiji. Mwili wake ulipelekwa Misri, ukawekwa chini ya kanisa kubwa la Heliopolis, muji wake. Watoto wake Jean na Louis wakarizi mali.

Kilichobaki

Reli iliendelea kukua bila yeye. Mwaka 1939 daraja la Kongolo lilivusha treni juu ya Lualaba, na Kongolo ikaunganishwa na Kabalo. Mwaka 1955 upana wa reli ulibadilishwa kuwa sawa na wa Katanga, na mwaka uliofuata Kabalo ikaungwa na Kamina. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, vagoni moja iliweza kutoka Lubumbashi mpaka Kindu au Kalemie bila kushushwa muzigo. Kipande cha Kisangani na Ubundu kilibaki peke yake, na kiko peke yake hata leo. Mwaka 1974 CFL iliingizwa katika shirika moja la reli la taifa, na leo njia zile ziko mukononi mwa SNCC.

Kila mukaaji wa kando ya reli anajua hali ya sasa: vyuma vimechakaa, treni inapita mara moja moja, na watu wanasukuma kinga yenye magunia kilometa mingi kando ya reli iliyojengwa ili watu wasibebe tena muzigo.

Mara kwa mara inazungumzwa habari ya mikataba mipya, ya reli na ya migodi. Maisha ya Empain yanaonyesha ni mambo gani ya kuangalia ndani ya karatasi mbele ya kufurahia treni: nani anatoa udongo, nani anabeba hasara kama faida inakosekana, wafanyakazi wanalipwa namna gani, na wenyeji wanabaki na nini. Mwaka 1902 majibu ya yale maulizo manne yaliandikwa Brussels, bila mutu mumoja wa Lualaba kuwa mezani.