Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyetafuta sababu za uhalifu katika hesabu

Zamani, watu wengi wa Ulaya walimwona mwizi au muuaji kuwa mtu wa moyo mbaya tu. Adolphe Quetelet, mwanahesabu wa Ubelgiji, alisoma hesabu za mahakama na kuonyesha kwamba jamii nayo ina sehemu yake katika uhalifu.

Quetelet alizaliwa Gand tarehe 22 mwezi wa pili 1796. Alipokuwa na miaka 7, baba yake alifariki. Mwaka wa 1819 alipata shahada ya doktora ya hesabu katika Chuo Kikuu cha Gand, kisha akaenda kufundisha Bruxelles. Mwaka wa 1823 alitumwa Paris kujifunza elimu ya nyota. Alirudi na swali: kama nyota zinafuata sheria, je, matendo ya watu nayo?

Ufaransa ilikuwa imeanza kuchapisha hesabu ya kesi zake kila mwaka. Mwaka wa 1826, watu 6,988 walishitakiwa kwa makosa makubwa. Mwaka wa 1827 walikuwa 6,929, mwaka wa 1828 walikuwa 7,396, na mwaka wa 1829 walikuwa 7,373. Kila mwaka, watu 61 au 62 kwa kila 100 walihukumiwa. Washitakiwa walibadilika, lakini idadi ilibaki karibu ile ile.

Katika vitabu vyake vya mwaka wa 1831 na 1835, Quetelet alieleza kwamba vijana wa karibu miaka 25 ndio waliokuwa hatarini zaidi kuanguka katika uhalifu, na wanaume kuliko wanawake. Wizi uliongezeka wakati wa baridi, na mashambulizi juu ya watu wakati wa joto.

Kuhusu umaskini, aliwashangaza wengi. Jimbo la Creuse lilikuwa maskini, lakini lilikuwa na uhalifu mdogo. Kwa Quetelet, hatari kubwa ilikuwa pale ambapo tajiri na maskini wanaishi karibu karibu, na pale mtu anapoanguka ghafula kutoka maisha mazuri hadi taabu.

Wapinzani walimshitaki kwamba anawaondolea wahalifu hatia. Yeye alijibu kwamba hesabu zake zinahusu watu wengi pamoja, na haziwezi kumhukumu mtu mmoja. Kwa hiyo hakuna kijana anayepaswa kukamatwa kwa sababu tu ya umri wake. Tena, alisema, jamii ikibadilisha sheria na desturi zake, hesabu nazo zitabadilika.

Alijua pia mpaka wa kazi yake. Mahakama zinahesabu tu makosa yaliyojulikana. Mengine yanafichwa na wahalifu, au waliotendewa hawapendi kushitaki, au polisi haifuatilii. Jambo hilo linatuhusu hata leo: mahali ambapo wakaaji wanaogopa kwenda kwa polisi, daftari inaweza kuonyesha utulivu huku watu wanalala na hofu.

Mwaka wa 1841 Quetelet alipewa kuongoza tume ya hesabu za taifa ya Ubelgiji. Ugonjwa wa mwaka wa 1855 ulimdhoofisha, lakini aliendelea kuandika. Alifariki Bruxelles tarehe 17 mwezi wa pili 1874, karibu kutimiza miaka 78. Wachunguzi wa uhalifu wangali wanaanza pale alipoanzia yeye: kuhesabu kwanza, kisha kutafuta sababu.