Mtumishi wa Nyumba ya Mfalme

Jumapili moja tulikuwa Nyakasimbi, katika Karagwe, na baada ya Misa tukakaa na wazee na vijana nje ya kanisa la kigango, kama ilivyo desturi. Maongezi yalianza kwa migomba na bei ya kahawa, yakaishia penye swali ambalo hatukulitazamia. Kijana mmoja, karani katika ofisi ambayo haina haja kutajwa hapa, alituuliza afanye nini iwapo mkubwa wake amwamuru kutia sahihi karatasi ya kazi ambayo yeye anajua kwamba haikufanyika. Kabla hatujafungua kinywa, mzee mmoja alimjibu kwamba dhambi ni ya mwenye kuamuru. Mtumishi ni mkono tu, na mkono hauulizwi. Wengi waliitikia kwa vichwa. Sisi tulisema maneno machache, na kusema kweli hayakutosha, maana jua lilikuwa limepanda na watu walikuwa na njaa.

Basi leo twalirudia swali lile kwa nafasi. Hatutalijibu kwa hoja zetu, bali kwa maisha ya mtu ambaye familia nyingi za Kikatoliki zamjua kwa jina, walakini kwa maoni yetu amefunikwa mno na sifa za wenzake waliokufa baada yake. Huyo ni Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa tarehe 15 Novemba 1885, akiwa na umri wa miaka 25 hivi.

Kumfahamu Mukasa yatupasa kwanza kuifahamu nyumba aliyoitumikia. Na njia moja ya kufikia nyumba hiyo ilipita hapa hapa Karagwe. Mwaka 1861 Mwingereza Speke na mwenzake Grant walifika kwa Mukama Rumanyika, wakapokewa kwa ukarimu ambao waliusifu hata mwisho wa safari yao. Grant alibaki nyuma kwa ugonjwa wa mguu. Speke alitangulia mwanzoni mwa mwaka 1862 kwenda Buganda kwa Kabaka Mutesa, na huko aliona jambo aliloliandika katika kitabu chake. Alikuwa amempa Kabaka bunduki. Kabaka aliipokea, akaijaza, akamkabidhi mtoto mmoja wa wahudumu wake, akamwagiza atoke uani akampige mtu, apate kujua kama yafanya kazi. Mtoto akatoka, mlio ukasikika, akarudi na uso wa furaha, kama mtoto aliyekamata ndege kwa mara ya kwanza. Speke asema kwamba hakusikia mtu ye yote akiuliza ni nani aliyekufa.

Wasomaji wapendwa, huyo mtoto ndiye mkono ule usioulizwa. Hakuwa na chuki na mtu aliyempiga, na pengine hata hakumjua. Aliamriwa, akatenda, akasifiwa.

Tusiwadhulumu Waganda kwa kufikiri kwamba nchi yao haikuwa na sheria. Katika Buganda ya zamani walikuwapo wakuu wa koo, wale walioitwa bataka, waliotunza mashamba ya ukoo na makaburi ya mababu, na heshima yao haikutoka mkononi mwa Kabaka. Mtu alikuwa na mahali pa kusimama ambapo hakupewa na mfalme, na kwa hiyo mfalme hakuweza kupanyang'anya kwa urahisi. Lakini kizazi baada ya kizazi Makabaka walizidi kutoa ardhi na vyeo kwa watemi waliowachagua wao wenyewe, na ambao wangeweza kuwaondoa asubuhi yo yote. Bataka walibaki, lakini nguvu yao ikapungua. Katika siku za Mutesa karibu kila mwenye cheo alikula kutoka sahani moja, nayo ilikuwa ya Kabaka. Dola hufikia hali hiyo polepole, wala watu hawaoni siku ilipofika.

Mukasa aliingia katika nyumba hiyo yapata mwaka 1874, kijana wa miaka 14 hivi, kuwa mhudumu kama yule mtoto wa bunduki. Alikuwa mwepesi wa kazi, mwaminifu, mwenye kutunza siri, na Mutesa alimpenda. Mwezi wa Februari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans, wa Mapadre Weupe, walifika Buganda, na Mukasa akawa miongoni mwa waliokwenda kusikiliza mafundisho yao. Alibatizwa mwaka 1882. Halafu lilitokea jambo ambalo twadhani ndilo lililomfanya mtu mzima kuliko yote. Mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule mapadre, walipoona hatari inazidi, waliondoka wote, wakavuka Ziwa na kwenda kukaa Bukumbi, upande wa kusini, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Mwanza.

Walikaa huko hata mwezi wa Julai 1885. Muda huo wote Wakristo wa Buganda hawakuwa na padre, wala shule, wala mtu wa kuwaandikia barua ya maagizo. Je, walikaa wakingoja? Mukasa aliwakusanya wale wa ikuluni, akawafundisha yale machache aliyoyajua, akawaonya waliolegea. Andrea Kaggwa alifanya vivyo hivyo kwa watu wa nyumbani kwake, na Matia Mulumba huko Mityana. Waliwauguza wagonjwa, waliwabatiza waliokuwa karibu kufa, waliwakomboa watumwa kwa mali yao. Mapadre waliporudi walikuta kundi kubwa kuliko lile waliloliacha. Papa Pio wa Kumi na Moja, katika barua yake ya mwaka 1931 juu ya maisha ya jamii, alifundisha kwamba ni kosa kuwanyang'anya watu kazi wanayoweza kuitimiza kwa bidii yao wenyewe na kuitwika serikali, na kwamba yale ambayo jamaa na vikundi vidogo vyaweza kuyafanya yasichukuliwe na chombo kikubwa. Wale vijana hawakuyasoma maneno hayo, maana hayakuwa yameandikwa bado. Walikuwa na kazi mbele yao, na hapakuwa na mwingine wa kuifanya.

Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Wengi wakisimulia habari za Mukasa huanzia penye upanga, kana kwamba ushujaa humshukia mtu siku ya kufa kama mvua. Sisi twafikiri kwamba yule asiyezoea kubeba wajibu wake siku za kawaida hatapata nguvu ya kumkatalia mfalme. Aliyezoea kungoja kuamriwa mema, mara nyingi huamriwa na mabaya.

Mutesa alikufa mwezi wa Oktoba 1884, na Mwanga, angali kijana, akakalia kiti. Alimfanya Mukasa kuwa mkuu wa wahudumu wa nyumba ya ndani, na mwanzoni alimwamini kabisa. Wala hakukosea, maana habari za njama ya kumpindua Kabaka zilipojulikana kwa Wakristo, Mukasa na Kaggwa ndio waliomwonya. Jambo hilo lilimfanya Katikiro awe adui yao, kwa kuwa yeye mwenyewe alitajwa ndani yake. Wenye kusema kwamba mashahidi wa Uganda walikuwa waasi wa serikali na wakumbuke hilo. Mukasa aliamka mapema kwa kazi ya Kabaka, alilinda mlango wake, alitunza vitu vyake. Kwa yote yaliyokuwa haki ya mfalme, mfalme hakuwa na mtumishi aliye bora kuliko yeye.

Lakini yalikuwapo mengine yasiyokuwa haki ya mfalme. Mwanga aliwatamani vijana wahudumu kwa uchafu, na Mukasa, aliyekabidhiwa na wazazi wao malezi yao, aliwaondoa njiani, akawatuma mbali kwa kazi hii na ile, na mwishowe akamwambia Kabaka waziwazi kwamba hatawaleta. Hapo nyumba ile ilipata mkono wa kwanza uliouliza.

Ndipo likaja shauri la Hannington, Askofu wa Kianglikana aliyekuwa akija Buganda kwa njia ya mashariki, kupitia Busoga. Tuseme ukweli juu ya Mwanga pia: hofu yake haikuwa ya kitoto. Mwaka ule ule Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi upande wa pwani, na wazee walimwambia kwamba atakayeimeza Buganda angetokea mashariki. Mfalme mwenye busara angemzuia mgeni, angemhoji, angemrudisha alikotoka. Mwanga aliagiza auawe, na Hannington akauawa tarehe 29 Oktoba 1885, pamoja na wapagazi wake walio wengi.

Mukasa alimwendea Kabaka akamlaumu. Tuangalie vema alimlaumu kwa nini. Hakumwambia kwamba mfalme hana haki ya kuhukumu, wala kwamba wageni wote waachwe wapite. Alimwambia kwamba amemwua mtu bila kumpa nafasi ya kujitetea, na kwamba baba yake Mutesa asingefanya hivyo kwa mgeni wa namna ile. Aliyedai hayo hakuwa Mwanglikana. Aliyeuawa hakuwa wa kanisa lake, na siku hizo makundi hayo mawili hayakupendana sana. Lakini ikiwa mtu mmoja aweza kuuawa bila kusikilizwa, nani amebaki salama? Hata Katikiro mwenyewe hakuwa salama, ingawa hakujua.

Kabaka alinyamaza, na moyoni alikasirika. Siku chache baadaye aliugua, Padre Lourdel akampa dawa, na baada ya kuinywa akajisikia vibaya zaidi. Katikiro alipata nafasi aliyoingoja. Usiku ule Mukasa alishtakiwa kwamba amekula njama ya kumwua bwana wake. Naye aliyewadai wengine haki ya kusikilizwa hakusikilizwa. Asubuhi, tarehe 15 Novemba, alipelekwa Nakivubo. Katikiro aliharakisha wauaji, akichelea Kabaka asije akageuza nia. Walipotaka kumfunga, Mukasa aliwaambia kwamba hakuna haja, kwa kuwa mtu anayekufa kwa ajili ya Mungu hakimbii. Alimwagiza mkuu wa wauaji amfikishie Mwanga salamu: kwamba amemsamehe kifo chake, na kwamba atubu, maana asipotubu watakutana mbele ya Hakimu mwingine. Kisha wakamkata kichwa na kuuchoma mwili wake. Yasimuliwa kwamba Mwanga alipoletewa salamu hizo aliingiwa na hofu, akaagiza mtu mwingine auawe na majivu ya wawili hao yachanganywe, ili yule mtumishi asiweze kutambulikana huko mbele na kumshtaki.

Mara tu baada ya kifo hicho Karoli Lwanga na vijana kadhaa walikwenda misioni kubatizwa, na Lwanga akashika kazi ya Mukasa, pamoja na ile ya kuwakinga wahudumu. Yaliyofuata Namugongo tarehe 3 Juni 1886 yajulikana kwa wote. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Habari za Mwanga hazisomwi sana, nasi twaona hasara. Mwezi wa Septemba 1888 aliwaamuru vijana wenye dini, Wakristo na Waislamu pamoja, wapande mitumbwi waende kisiwani, nia yake ikiwa kuwatupa huko wafe njaa. Walifika ufukoni, wakagundua shauri hilo, wakakataa kupanda. Utawala uliotegemea mikono isiyouliza ulianguka kwa siku chache. Kabaka alikimbia kuvuka Ziwa, akafika Magu kwa Waarabu, na mwisho wake akaomba hifadhi Bukumbi, kwa mapadre wale wale, wakampokea na kumlisha. Baadaye alirudishiwa kiti, lakini Waingereza walimpeleka uhamishoni Shelisheli mwaka 1899, na huko akafa mwaka 1903.

Nasi wa Kagera tu watoto wa habari hiyo. Baada ya vita ya Mengo ya mwaka 1892 Askofu Hirth na Waganda Wakatoliki walihamia upande huu wa Ziwa, na mwaka ule ule misioni ya Kashozi ikaanzishwa. Kutoka mzizi huo imani ilipanda mpaka vilima vya Karagwe, ambavyo tangu mwaka 2008 vina jimbo lake, Jimbo la Kayanga.

Sasa twamrudia kijana wetu wa Nyakasimbi. Mzee aliyemjibu alikuwa na huruma. Alijua kwamba kijana ana mke na mtoto mchanga, na kwamba kazi za ukarani hazioti kama majani. Hatutaki kumcheka. Hata hivyo mkubwa wa ofisi hawezi kuiba kwa sahihi moja. Anahitaji ya pili, na ya tatu. Kijana hakuombwa kupigana na serikali, wala kumtukana mkubwa wake, wala kuacha kazi. Aliombwa na dhamiri yake aseme tu kwamba hakuiona kazi hiyo, na kwamba ataiandikia sahihi siku atakayoiona. Tumemwandikia hivyo. Gharama yake tumeitaja pia, maana si halali kumficha.

Jina Balikuddembe latokana na neno la Kiganda eddembe, ambalo ni amani, tena ni uhuru. Karibu na mahali alipouawa, mjini Kampala, limesimama soko kubwa lenye jina lake, ingawa wengi huliita Owino. Wafanyabiashara wetu wa Karagwe na Kyerwa wanaovuka mpaka kwa Murongo au kwa Mutukula hununua huko nguo na viatu, hufunga mizigo yao kwa kamba, na kurudi nyumbani usiku.