Maria Mitchell: Mwalimu Aliyewekewa Kigoda na Wanafunzi Wake

Mcheza kwao hutunzwa, walinena wahenga. Hata hivyo, wapo wachezaji ambao tuzo yao huja wakati ngoma imekwisha na uwanja umebaki mtupu. Mmoja wao ni Maria Mitchell, mwanamke wa kwanza nchini Marekani kuwa profesa wa falaki, yaani elimu ya nyota na mwenendo wake. Ugunduzi wake umesimuliwa mara nyingi. Kisichozungumziwa sana ni namna wanafunzi wake wa zamani walivyochanga fedha ili kazi aliyoianza isizikwe pamoja naye, tena katika zama ambazo ni wanawake wachache tu waliokuwa na mali mikononi mwao.

Maria alizaliwa tarehe 1 Agosti 1818 katika kisiwa cha Nantucket, jimbo la Massachusetts. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto kumi wa William Mitchell na mkewe Lydia. Familia hiyo ilifuata madhehebu ya Quaker, yaani Kanisa la Marafiki, ambalo leo lina waumini wengi magharibi mwa Kenya. Marafiki wa Nantucket waliamini kwamba mtoto wa kike alistahili kusomeshwa sawa na nduguye wa kiume. Imani hiyo ilikutana na mahitaji ya kisiwa chenyewe. Wenyeji waliishi kwa kuwinda nyangumi, na meli zao zilikaa baharini kwa miaka. Nahodha hakuweza kujua mahali alipo katikati ya bahari pasipo saa maalumu inayokwenda sawasawa, na saa hizo zilipimwa usahihi wake kwa kuzilinganisha na nyota. Kazi hiyo ya upimaji ilifanywa na William Mitchell, naye Maria akawa msaidizi wake. Mwaka 1831, akiwa na umri wa miaka 12, alimsaidia babake kuhesabu nyakati za kupatwa kwa jua. Haikuchukua miaka mingi kabla ya manahodha kumwamini binti huyo azipime saa zao peke yake.

Chuo kikuu cha kumpokea hakikuwapo. Mwaka 1835 alifungua shule yake ndogo, akawapokea pia watoto wasiokuwa Wazungu wakati ambapo kutengana kwa rangi kulikuwa desturi. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa mkutubi wa maktaba ya kisiwa, kazi aliyoifanya kwa miaka 20. Maktaba hiyo ndiyo iliyokuwa chuo chake. Wasomaji walipokuwa wachache, aliketi na vitabu vya hisabati vya Laplace na Gauss, akijifundisha mwenyewe bila mwalimu wala mtihani. Usiku ulipoingia alipanda juu ya paa na darubini.

Ilikuwa juu ya paa, usiku wa tarehe 1 Oktoba 1847, alipoona doa hafifu la nuru mahali ambapo alijua vyema kwamba hapakuwa na nyota. Ilikuwa nyota ya mkia ambayo haikuwa imewahi kuonekana na yeyote. Maria alitaka kusubiri ahakikishe, lakini babake aliharakisha kutuma habari katika Chuo Kikuu cha Harvard. Haraka hiyo ilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa mtaalamu mmoja wa Roma, Padre Francesco de Vico, aliiona nyota hiyohiyo siku mbili baadaye, na habari zake zikatangulia kuenea Ulaya. Baada ya majadiliano ilikubaliwa kwamba Maria ndiye aliyetangulia, na mwaka 1848 akatunukiwa nishani ya dhahabu ambayo mfalme wa Denmark alikuwa ameahidi kwa wagunduzi wa aina hiyo. Mwaka huohuo akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Sanaa na Sayansi ya Marekani. Kuanzia 1849 alilipwa na serikali kukokotoa mahali pa sayari ya Zuhura kwa ajili ya kitabu cha mwaka cha mabaharia.

Miaka michache baadaye lilitokea jambo dogo ambalo lilitangulia makubwa ya baadaye. Wanawake wa sehemu mbalimbali za Marekani, wakiongozwa na mwalimu Elizabeth Peabody, walichanga fedha wakamnunulia darubini bora kuliko ile aliyokuwa nayo. Wengi wao hawakuwa wataalamu wa nyota. Walijua tu kwamba mmoja wao alikuwa amefika mahali ambapo hawakuwahi kuruhusiwa kufika, na kwamba alihitaji chombo.

Mnamo 1861 mfanyabiashara wa pombe aitwaye Matthew Vassar alianzisha chuo cha wanawake mjini Poughkeepsie, jimbo la New York. Aliazimia kwamba elimu itakayotolewa humo isipungue ile ya vyuo vya wanaume. Kituo cha kutazamia nyota kilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza kukamilika, na darubini yake, yenye kioo cha upana wa takribani sentimita 30, ilikuwa mojawapo ya zile kubwa kabisa nchini. Maria Mitchell alialikwa kuwa profesa wa falaki na msimamizi wa kituo. Aliingiwa na shaka, kwani hakuwa na shahada yoyote. Alikubali hatimaye, na chuo kilipofunguliwa mwaka 1865 alihamia katika jengo la darubini pamoja na babake, aliyekuwa mjane wakati huo. Mzee huyo alikaa hapo hadi alipofariki mwaka 1869.

Ufundishaji wake ulitofautiana na ule wa wenzake. Hakutoa alama wala hakuandika majina ya waliokosa darasani, kwa sababu aliona kwamba akili ya mtu haipimwi kama unga. Alipendelea darasa dogo, na badala ya kuwamiminia wanafunzi maelezo aliwauliza maswali, akawataka waangalie, wapime, wakokotoe na kuthibitisha wenyewe. Sheria za chuo ziliwataka wasichana wawe wamelala mapema, ilhali nyota hazionekani mchana; yeye alisimama upande wa nyota. Mwaka 1869 alisafiri na kundi la wanafunzi hadi Burlington, jimbo la Iowa, kutazama kupatwa kwa jua, na mwaka 1878 akaongoza kundi jingine hadi Denver, jimbo la Colorado, kwa shabaha hiyohiyo. Kila mwaka kabla ya likizo aliwaalika wanafunzi wake chini ya kuba la darubini, wakala na kusomeana mashairi mepesi ambayo yeye na wao walikuwa wametungiana. Wengi waliyakumbuka mashairi hayo muda mrefu baada ya kusahau hesabu za sayari.

Pamoja na heshima hiyo yote, chuo kilichojengwa kwa ajili ya wanawake hakikumlipa mwanamke sawa na mwanamume. Mshahara wake ulianza kwa dola 800 kwa mwaka pamoja na malazi yake na ya babake, wakati profesa wa kiume alipata dola 2,500. Maria, akiungana na daktari wa chuo, Alida Avery, alidai haki yake waziwazi mpaka mshahara ukaongezwa. Mapambano hayo yalimfunza jambo ambalo alilishikilia hadi mwisho: somo lisilo na fedha zake lenyewe huishi kwa hisani ya wakubwa, na hisani ina siku yake ya kukoma. Profesa akistaafu, ni rahisi somo lake kufutwa, darubini ikaachwa ishike kutu.

Kwa hiyo katika miaka yake ya mwisho kazini alianza kutafuta fedha za kukipa kituo chake msingi wa kudumu. Aliwaendea wale aliowajua zaidi, yaani wanafunzi wake wa zamani. Nao hawakuwa watu wa kawaida. Christine Ladd, mhitimu wa 1869, alikamilisha kazi ya uzamifu katika hisabati na mantiki katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mnamo 1882, ingawa chuo hicho kilimnyima shahada hadi 1926 kwa kuwa alikuwa mwanamke. Ellen Swallow, mhitimu wa 1870, alikuwa mwanamke wa kwanza kupokewa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, akawa mkemia mashuhuri. Antonia Maury, aliyehitimu mwaka 1887, alikwenda Harvard akatoa mchango mkubwa katika uainishaji wa nyota. Mary Whitney, mhitimu wa 1868, alirejea Vassar mwaka 1881 kuwa msaidizi wa mwalimu wake. Walioingia katika taaluma walikuwa wachache. Wengi zaidi walikuwa walimu wa shule na akina mama wa nyumbani. Jambo lililowaunganisha ni kwamba kila mmoja aliwahi kusimama mbele ya darubini ileile, akaulizwa na mwanamke yuleyule ni kitu gani alichokiona.

Afya ya Maria ilimlazimisha kustaafu mwaka 1888. Chuo kilimkaribisha aendelee kukaa katika jengo la darubini, lakini yeye alichagua kurudi kwa jamaa zake mjini Lynn, Massachusetts, ambako alifariki tarehe 28 Juni 1889 akiwa na umri wa miaka 70. Alizikwa Nantucket. Mfuko alioutafutia fedha ulikuwa haujakamilika.

Hapo ndipo wahitimu waliposhika kazi. Wangeweza kumjengea sanamu, jambo lililokuwa la kawaida katika karne hiyo. Badala yake walichangisha fedha za kuanzisha kigoda cha falaki chenye jina lake. Neno kigoda kwa maana hii si geni kwa wapenzi wa Kiswahili, hasa tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere. Utaratibu wake unafanana na wakfu unaojulikana katika mwambao wetu. Fedha zilizotolewa hazitumiwi bali huwekezwa, na faida inayopatikana ndiyo inayomlipa mwalimu anayekikalia kigoda. Mwalimu huondoka akaja mwingine, mali hubaki. Kwa njia hiyo wahitimu walijibu lile hasa lililomkera mwalimu wao. Yeye alikuwa amepunjwa mshahara, nao wakahakikisha kwamba watakaomfuata watakuwa na mshahara. Yeye alihofia kwamba somo lingekufa, nao wakaliwekea riziki.

Matokeo yake yalionekana mapema. Mary Whitney, aliyekuwa amerithi kazi ya mwalimu wake tangu 1888, aliendeleza utafiti wa nyota za mkia na nyota zinazobadilika mng'ao. Alipostaafu alirithiwa na Caroline Furness, mhitimu wa Vassar wa mwaka 1891, ambaye alikuwa profesa katika kigoda hicho cha Mitchell na ambaye mnamo 1915 alichapisha kitabu cha kuwaongoza wanafunzi katika uchunguzi wa nyota hizo zinazobadilika. Kule Nantucket nako, mwaka 1902, jamaa zake wakishirikiana na wanafunzi wake wa zamani waliunda Jumuiya ya Maria Mitchell, wakaihifadhi nyumba aliyozaliwa na kujenga karibu nayo kituo cha kutazamia nyota mwaka 1908. Margaret Harwood, aliyekuwa msimamizi wa kituo hicho kuanzia 1916 hadi 1957, alitumia maisha yake huko kwa utafiti na kuwapokea vijana waliotaka kujifunza.

Katika miaka ya 1940 msichana mmoja aliyependa nyota alikuwa akitafuta chuo. Alichagua Vassar kwa sababu alijua kwamba Maria Mitchell aliwahi kufundisha pale, na mwaka 1948 akahitimu katika falaki. Msichana huyo alikuwa Vera Rubin, ambaye baadaye uchunguzi wake wa mzunguko wa makundi makubwa ya nyota uliwashawishi wataalamu kukubali kwamba sehemu kubwa ya maada ya ulimwengu haionekani kwa macho. Rubin alifariki mwaka 2016. Mwaka 2025 kituo kikubwa chenye jina lake, kilichojengwa katika milima ya Chile, kilitoa picha zake za kwanza za anga. Maria Mitchell hakuwahi kukutana na Rubin, kwani kati ya kifo cha mmoja na kuzaliwa kwa mwingine ilipita takribani miaka 40. Kilichowakutanisha ni somo lililokuwa bado linafundishwa.

Darubini ya zamani ilihamishiwa katika makumbusho ya Smithsonian, na mwaka 1997 Vassar ilifungua kituo kipya kilichopewa jina la wahitimu wa mwaka 1951. Desturi iliyoanzishwa na wanafunzi wa Maria Mitchell ilikuwa bado hai baada ya zaidi ya karne moja. Aghalabu mwalimu aliyefariki hukumbukwa kwa hotuba, na hotuba huisha waombolezaji wakitawanyika. Wanawake wa Vassar walimkumbuka wao kwa kiti kinachosubiri mtu wa kukikalia, na darasa linalosubiri wa kulifundisha. Kwa mwalimu ambaye maisha yake yote aliwataka wanafunzi watazame wenyewe badala ya kumtazama yeye, ni vigumu kufikiria tuzo inayomfaa zaidi.