Dk Livingstone na dawa ya zebaki aliyoondoka nayo Tabora

Usiku wa Aprili 30, 1873, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, Dk David Livingstone alimwita Susi na kumtaka alete sanduku la dawa na kusogeza mshumaa. Macho yalishaanza kumgomea. Kwa taabu akachagua dawa moja, akaagiza iwekwe kando yake pamoja na vikombe viwili, kimoja kikiwa na maji kidogo. Kisha akamruhusu Susi atoke. Kabla hakujapambazuka walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, ameshafariki.

Dawa ile ilikuwa kalomeli. Yaani zebaki iliyoungana na klorini, unga mweupe usio na ladha.

Leo ukisikia zebaki unawaza wachimbaji wadogo wa dhahabu, au mkorogo wa ngozi uliopigwa marufuku. Enzi zile ilikaa kwenye makabati ya nyumba za Uingereza kama panadol inavyokaa kwetu. Tumbo limefunga? Kalomeli. Homa? Kalomeli.

Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 alishaanza kazi kwenye kiwanda cha pamba, na mwaka 1840 akapata leseni ya udaktari. Malaria ya Afrika ndiyo iliyomfanya atengeneze kidonge chake mwenyewe: kwinini, kalomeli na mizizi miwili ya kuendesha tumbo. Madaktari wa wakati huo waliamini homa inatolewa kwa kusafisha tumbo. Mgonjwa aliendelea na kwinini mpaka masikio yavume.

Iliyopambana na malaria ni kwinini, lakini sifa ikaenda kwa kidonge kizima, zebaki ikiwamo. Na si kila mara kilitosha. Mwaka 1862 mkewe, Mary, alikufa kwa homa huko Shupanga, Msumbiji, na udaktari wa mumewe haukufua dafu.

Januari 1867 mpagazi mmoja alitoroka na sanduku la dawa. Livingstone aliona kama amesomewa hukumu ya kifo. Akaugua na kuugua, hadi Novemba 1871 Stanley alipomkuta Ujiji.

Februari 1872 wawili hao wakafika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenye njia kuu ya misafara. Walikaa kwenye tembe (hapa tembe ni nyumba ya udongo, si kidonge!). Machi 14 Stanley akaondoka, akimwachia vitu vingi, dawa zikiwamo. Livingstone akasubiri wapagazi mpaka Agosti 25.

Sasa hapa ndipo panaposikitisha. Mzee alikuwa na kuhara damu na bawasiri, anapoteza damu nyingi, huku dawa anayoiamini inaendesha tumbo. Sisemi zebaki ndiyo iliyomuua, mwili ulishachoka kwa miaka mingi. Ila haikuwa dawa ya mtu wa hali ile.

Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba. Oktoba 1873 walifika Kwihara. Mwingereza Cameron aliyekuwa pale akashauri azikwe hapohapo. Wakakataa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na Aprili 18 akazikwa Westminster Abbey, London.

Kidonge hakikuzikwa. Kampuni ya Burroughs Wellcome ilikuja kukiuza kwa jina lake. Majumbani Uingereza, kalomeli iliwekwa kwenye unga wa kutuliza watoto wanaoota meno. Baadhi yao walivimba mikono na miguu, ngozi ikawa nyekundu na kubanduka, wakalia usiku kucha. Wengine walikufa. Kwa miaka mingi madaktari walihisi ni virusi au lishe duni.

Miaka ya 1940 madaktari nchini Marekani walipima mkojo wa watoto hao, wakakuta zebaki. Mwaka 1954 watengenezaji wa Uingereza wakaitoa kalomeli kwenye unga ule, na ugonjwa ukapotea karibu kabisa.