Tippu Tip: mchuruzi aliyeingia Maniema na mali ya kukopa

Katika Maniema jina la Tippu Tip halihitaji kuelezwa. Kutoka Kabambare mpaka Kasongo, kutoka Nyangwe mpaka Kisangani, wazee wanamkumbuka sawa mkubwa wa Waarabu, mtu wa bunduki, mtu wa minyororo. Ile yote ni kweli. Lakini kuna swali moja ambalo watu hawaulizi sana: feza ya kuanzia aliitoa wapi?

Msafara mmoja wa kwenda Lualaba ulihitaji mamia ya wapagazi, marobota ya vitambaa, magunia ya ushanga, masango ya shaba, bunduki na baruti, tena chakula cha miezi mingi. Yote hayo yanunuliwe mbele, kabla hata ya kuona pembe moja ya tembo. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, kwani hilo ndilo jina lake la kweli, hakuwa na mali ya namna hiyo. Alikopa. Na mambo mengi yaliyowapata watu wa mashariki ya Kongo katika karne ya 19 hayaeleweki vizuri kama mtu hakufuata njia ya ile deni.

Alizaliwa Zanzibar katika miaka ya 1830, mtoto wa jamaa yenye damu ya Kiarabu na ya Kiafrika. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mchuruzi anayeikala Tabora, na huko alioa katika jamaa ya mtemi wa Wanyamwezi. Kwa hiyo kijana alikuwa na kitu kimoja ambacho wengine hawakuwa nacho: jina la baba lilijulikana pwani na bara pia. Alianza na kazi ndogo. Alipokuwa na miaka karibu 12 alifuata ndugu wa jamaa kununua sandarusi pwani ya Mrima. Alipofika miaka 18 hivi, baba yake alimchukua mpaka Tabora na Ujiji, kiisha kijana akavuka ziwa Tanganyika na kuingia nchi ya Waluba. Kule, wachuruzi wakubwa walishindania pembe kubwa, na bei ikapanda. Yeye alinunua pembe ndogo ambazo wengine walizidharau. Akarudi na faida.

Faida ile haikutosha kuandaa msafara wake mwenyewe. Hapa njo tunafika kwa Wahindi wa Zanzibar.

Ile wakati hapakuwa na benki ya kumkopesha mchuruzi wa bara. Feza ilikuwa mikononi mwa nyumba za biashara za Wahindi, Wabaniani na Makhoja, watu wa Kutch na Gujarat. Nyumba kubwa kuliko zote ilikuwa ya Jairam Shivji, iliyokodi ushuru wa forodha kwa Sultani kwa miaka mingi. Ladha Damji ndiye aliyeiongoza pale Zanzibar. Wao pia walikuwa katika mnyororo. Walipokea vitambaa kutoka kwa wafanyabiashara wa Marekani, Uingereza, Ujerumani na Bombay, mara nyingi kwa deni, kiisha wakavitoa kwa deni kwa Waarabu na Waswahili wanaopanda bara. Kitambaa cha merikani, ambacho jina lake linasema lenyewe kilikotoka, kilitoka viwanda vya Massachusetts na kufika mpaka Lualaba kabla mtu yeyote katika ile njia hajalipa hata reale moja mkononi.

Basi mkopo haukuwa franga. Ulikuwa vitu, kama vile leo mwenye depo anavyompa mama wa soko katoni za sabuni na kumwambia alete feza akishauza. Tofauti ni muda. Mama wa soko anapewa juma moja. Mwenye msafara alipewa miaka miwili, mitatu, hata zaidi. Uislamu unakataza riba, na wakopaji wengi walikuwa Waislamu. Kwa hiyo riba ilijificha ndani ya bei: robota la kitambaa liliandikwa katika daftari kwa bei ya juu kuliko ya taslimu, na pembe zilizoletwa kulipa zilihesabiwa kwa bei iliyomfaa mkopeshaji. Kila mtu alielewa. Garanti ilikuwa shamba la minazi au karafuu kama mtu analo, na zaidi ya yote, jina lake na jamaa yake.

Juu ya nini mkopeshaji alikubali hatari namna hiyo? Msafara uliweza kufa njaa, kushikwa na ndui, kunyang'anywa mali. Jibu ni hesabu ya bei. Katika karne ile bei ya pembe pale Zanzibar iliendelea kupanda, na bei ya vitambaa vya viwanda ikashuka. Ulaya na Marekani walitaka pembe kwa vibonye vya piano, mipira ya biliadi, vichana na mipini ya visu. India walitaka bangili za maharusi. Msafara mmoja ukirudi salama uliweza kufunika hasara ya mwingine uliopotea.

Lakini hesabu ile ilikuwa nzuri kwa Mhindi kuliko kwa mkopaji. Waarabu na Waswahili wengi walishindwa kulipa, na aliyeshindwa aliogopa kurudi pwani. Wengine waliikala Tabora, Ujiji au Nyangwe miaka na miaka, wakajenga, wakaoa, wakazaa. Miji ile haikujengwa na watu walioshinda peke yao. Ilijengwa pia na watu waliokimbia madaftari.

Hamed alipotaka msafara wake mkubwa, hakuenda kwa mkopeshaji mmoja. Alizunguka kwa wengi, huyu anatoa kidogo, yule anatoa kidogo, mpaka akakusanya mali ya karibu dola 30,000 za Maria Theresa. Ni njia ambayo kila mtu wa likelemba ataifahamu, ila hapa hakuna anayepokea zamu. Ni mmoja tu anayebeba deni la wote. Ukiwa na wadai wengi, hakuna mmoja anayekushika shingoni. Tena ukichelewa, ni wengi watakaokuja mlangoni.

Uzito wa ile deni ulionekana upesi. Si mbali na pwani, wapagazi wake waliochukua malipo ya mbele walikimbia na kuacha mizigo. Mchuruzi mwenye feza yake angerudi nyuma na kuhesabu hasara. Yeye hakurudi. Aliingia katika vijiji vyao na bunduki, akashika watu kwa mamia, akawatia minyororo na kuwabebesha mizigo. Toka hapo watu walimwita Kingugwa Chui, chui anayeruka huku na huku. Mali ya mkopo ilikuwa lazima ifike. Namna ya kufika haikuandikwa katika daftari lolote.

Mwaka 1867 alifika Itabwa, kusini ya ziwa Tanganyika, kwa mtemi Nsama, mzee mwenye sifa ya kuwashinda wachuruzi wa pwani. Vita vikatokea. Hamed alipigwa mishale, lakini bunduki zake chache ziliwashinda watu wengi, na ghala la Nsama likafunguliwa. Kwa hesabu yake mwenyewe alipata frasila 1,950 za pembe, karibu tani 30, tena shaba ya Katanga na chumvi. Pembe zile zilikuwa akiba ya nchi, zilizokusanywa kwa miaka mingi chini ya mtemi. Siku chache tu zikawa malipo ya madeni ya Zanzibar. Ni katika mwaka ule na eneo lile ambapo Livingstone alikutana naye. Na inasemwa jina Tippu Tip lilianzia hapo, kwa mlio wa bunduki zake. Wengine wanasema ni kwa macho yake yaliyopepesa kila mara.

Aliporudi Zanzibar na mzigo ule, mambo yaligeuka. Mtu aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuomba sasa alitafutwa. Taria Topan, Khoja aliyefika Zanzibar kijana bila mali na akapanda mpaka kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa kisiwa, alimtanguliza mali ya karibu dola 50,000. Mkopeshaji mmoja, deni moja. Kwa Tippu Tip maana yake ilikuwa uhuru: hapana tena wadai 20 wenye haraka ishirini. Kwa Taria maana yake ilikuwa kuweka bahati yake juu ya kichwa cha mtu mmoja anayekwenda mahali ambapo barua inachukua miezi.

Taria alingoja karibu miaka 12.

Katika miaka ile, kuanzia 1870, Tippu Tip aliingia ndani ya Kongo ya leo. Kwa Kasongo Rushie, katika nchi ya Watetela, alijidai kuwa mjukuu wa mwanamke wa jamaa ya mtemi aliyechukuliwa utumwani zamani. Mzee aliamini, au aliona faida kuamini, akamwachia utawala. Hila ile ilikuwa na thamani kuliko marobota yote ya Taria. Mchuruzi ananunua pembe; mtemi anapelekewa. Toka wakati ule pembe zilianza kumfikia sawa kodi, bila kitambaa. Kiisha akahamia Kasongo ya Maniema, akaifanya makao yake. Mwaka 1874 alimpokea Cameron, na 1876 akafanya mkataba na Stanley: dola 5,000 kumsindikiza njia ya siku 60. Hata msafiri Mzungu alikuwa kwake njia nyingine ya kupata mtaji.

Sasa yeye mwenyewe akawa mkopeshaji. Alitoa bunduki na baruti kwa wakubwa wadogo wake, nao wakaleta pembe. Ngongo Lutete, aliyekuja kuogopwa kati ya Lomami na Lualaba, alikuwa mmoja wao. Mnyororo ukawa mrefu: Massachusetts na Bombay, Zanzibar, Kasongo, Lomami, na mwisho kijiji. Kila mmoja alimdai aliye chini yake. Aliye chini kabisa hakuwa na wa kumdai. Watu wa bunduki walivamia alfajiri, wakashika wanawake na watoto, na kuwarudisha kwa pembe. Kijiji kisichokuwa na pembe kilipoteza watu wake. Walioshikwa walibeba pembe mpaka ziwa, au walilima mpunga katika mashamba ya Kasongo, ambayo wageni waliyasifu kwa uzuri, au walipewa bunduki na kutumwa kuvamia wengine. Riba iliyofichwa katika bei ya kitambaa pale Zanzibar ililipwa huku, na watu ambao hawakuonja hata yadi moja ya kitambaa kile. Kiswahili kinachosemwa leo Maniema kilipanda kwa njia hiyo hiyo ya mapagazi.

Tippu Tip alifika Zanzibar mwaka 1882 na pembe nyingi. Deni la Taria likaisha, na urafiki wao ukabaki. Mwaka uliofuata alirudi Kongo, safari hii Sultani Barghash akiwa nyuma yake. Lakini baadaye Wazungu wakagawana nchi Berlin. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa jina la mfalme Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kwa mtu wa hesabu zake, pauni 30 zilikuwa kama kicheko. Pengine alikwisha kuona kwamba Leopold alikuwa na mkopo mkubwa kuliko wa Taria, na meli za moshi juu ya mto. Pembe zilizokwenda Zanzibar kwa miguu zingeshuka na mto mpaka bahari ya upande mwingine.

Aliondoka Kongo mwaka 1890, hakurudi tena. Stanley alikuwa amemfungulia kesi Zanzibar, akidai hakuleta wapagazi walioahidiwa kwa safari ya kumwokoa Emin Pasha, na mahakama ikazuia pauni 10,000 za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa Taria Topan. Yule aliyemkopesha sasa alikuwa akimtunzia feza. Kesi ile iliachwa baadaye. Huku Maniema vita vya Wabelgiji na Waarabu vilianza 1892. Mwaka 1893 Nyangwe na Kasongo zilianguka, na mtoto wake Sefu aliuawa. Mali yote iliyobaki bara ilipotea, pamoja na madeni ambayo wakubwa wadogo walikuwa hawajamlipa. Watu wa vijiji walibadilisha mwenye kudai pembe, kisha wakadaiwa mpira.

Yeye mwenyewe hakufa maskini. Alikuwa na mashamba Zanzibar na maelfu ya watumwa wa kuyalima. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa. Humo mtu anasoma habari za frasila, dola na wakopeshaji kwa urefu. Waliobeba mizigo wanapita haraka. Miaka yake ya mwisho aligombana kortini na Rumaliza wa Ujiji, mshirika wake wa zamani, juu ya mali waliyochuma pamoja. Alikufa Juni 1905, kwa malaria, katika mji wa Zanzibar. Nyumba yake ingali imesimama pale Shangani, na mlango wake wa mbao uliochongwa.