Beryl Markham: Rubani wa Njoro aliyevuka Atlantiki na kutua kinamasini

MARUBANI wana utani wa zamani ambao husikika popote wanapokaa kunywa chai wakisubiri mawingu yatawanyike. Husema kwamba rubani ni wa aina mbili tu: yule aliyekwisha kutua bila kuteremsha magurudumu, na yule ambaye siku yake haijafika.

Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka wa 1997 huko Kapseret, kicheko cha utani huo hakidumu. Uwanja huo uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo ndege hugusa ardhi ikiwa na kasi kubwa kuliko inapotua Mombasa, na matairi na breki hubeba mzigo mzito zaidi. Njia ya kutulia yenye urefu wa karibu kilomita 3.5 humpa rubani nafasi ya kusimama, lakini haimsamehei aliyesahau.

Miongo mingi kabla ya lami hiyo kumwagwa, Bonde la Ufa lilikuwa limekwisha kumlea rubani ambaye maisha yake yalipimwa kwa namna alivyoifikia ardhi. Huyo ni Beryl Markham.

Alizaliwa Uingereza Oktoba 26, 1902, na kuletwa nchini akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Mama yake hakukaa. Alirudi kwao na kumwacha binti kwa baba yake, Charles Clutterbuck, aliyekuwa na shamba na farasi huko Njoro. Beryl alikua miongoni mwa watoto wa Kikalenjin, akizungumza lugha yao na Kiswahili, akifuata wawindaji msituni. Rafiki yake mkubwa alikuwa Kibii, ambaye baada ya kupita jando aliitwa arap Ruta.

Ukame ulipomfilisi baba yake naye akahamia Peru, Beryl, ambaye hakuwa ametimiza miaka ishirini, alibaki na kuanza kufunza farasi wa mashindano. Arap Ruta alikwenda naye. Alipoacha mazizi na kuingia katika banda la ndege, arap Ruta alikuwa naye huko pia, akimsaidia kuitunza ndege kama walivyotunza farasi.

Mwalimu wake wa urubani alikuwa Tom Campbell Black, rubani wa kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa mwaka wa 1929 na Florence Kerr Wilson, mama ambaye jina lake limebaki katika Uwanja wa Wilson jijini Nairobi. Beryl alipata leseni mwaka wa 1931. Mwaka uliofuata aliruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza kwa ndege ndogo aina ya Avro Avian. Mwaka wa 1933 alipata leseni ya kurusha ndege kibiashara, mwanamke wa kwanza kuipata humu nchini.

Kazi ilikuwa ya kubeba barua, abiria na dawa, na kuwatafutia wawindaji makundi ya ndovu kutoka angani, shughuli ambayo leo ingempeleka mtu mahakamani. Katika ndege hizo magurudumu hayakukunjwa. Yalining'inia nje wakati wote. Hakuna aliyeweza kusahau kuyateremsha. Hatari ilikuwa chini: shimo la mhanga lililofichwa na nyasi, kichuguu, au pundamilia waliosimama katikati ya uwanja. Rubani makini alizunguka kwanza, akapita chini kuwafukuza wanyama na kuisoma ardhi, ndipo akatua. Usiku alitegemea mioto iliyowashwa na watu waliomngoja.

Wakati huo teknolojia ilikuwa ikibadilika. Mwaka wa 1934 Campbell Black na mwenzake C. W. A. Scott walishinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, kwa muda wa karibu saa 71. Ndege yao ya Comet ilikuwa na magurudumu ya kukunjwa, ambayo rubani aliyapandisha na kuyateremsha kwa mkono. Kasi iliongezeka, na pamoja nayo kikazaliwa kosa jipya, lile la utani wa marubani.

Jioni ya Septemba 4, 1936, Beryl aliondoka Abingdon, Uingereza, kwa ndege ya Vega Gull yenye usajili wa Kenya, mali ya John Carberry. Amelia Earhart alikuwa amevuka Atlantiki peke yake mwaka wa 1932, lakini alielekea mashariki, akisukumwa na upepo. Beryl aliukabili upepo huo uso kwa uso, usiku, bila redio.

Baada ya saa zaidi ya 20, akiwa ameiona nchi kavu ya Kanada, injini ilianza kukohoa. Barafu ilikuwa imeziba tundu la hewa la tangi la mafuta. Alichagua mahali palipoonekana kuwa uwanja. Palikuwa kinamasi cha Baleine, Nova Scotia. Magurudumu yalizama, pua ikachimba tope, mkia ukabaki juu. Alitoka na jeraha kichwani, akiwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi.

New York ilimshangilia, lakini furaha haikudumu. Septemba 19 mwaka huo huo Campbell Black alifariki Liverpool. Hakuanguka kutoka angani. Ndege yake iligongwa na ndege ya kijeshi ikiwa inatambaa uwanjani.

Beryl alichapisha kumbukumbu zake mwaka wa 1942, zikasahaulika hadi zilipochapishwa upya mwaka wa 1983. Wapo wanaodai kwamba mumewe wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyeandika, na mjadala huo haujaisha. Alikuwa amerudi Kenya na kufunza farasi walioshinda mashindano mengi. Alifariki Nairobi Agosti 3, 1986.

Arap Ruta, aliyeijua ndege ile kama alivyowajua farasi, hakufunguliwa mlango wa kiti cha rubani na serikali ya kikoloni. Leo vijana wa jamii yake huketi katika kiti hicho. Wanapokaribia kutua husoma orodha ya ukaguzi kwa sauti, hutazama taa tatu za kijani zinazothibitisha kwamba magurudumu yamefunguka na kujifunga, na wakiwa na shaka hupaa tena na kuzunguka upya. Ni desturi ile ile ya Beryl juu ya nyasi za Bonde la Ufa: kwanza isome ardhi, kisha uishukie.